Njia ya Kivuli, Kariakoo hadi Kivukoni

Nilifika Dar nikinuka dagaa. Lori lililonitoa Mbamba Bay lilikuwa limepakia magunia ya dagaa wa Ziwa Nyasa, nami nilikaa juu ya magunia hayo, nimejifunika turubai kwa ajili ya mvua. Kabla ya Mbinga tope lilitushika. Abiria tukashuka, tukasukuma, na lori lilipochomoka dereva akaogopa kusimama tena mlimani, kwa hiyo tukalifuata kwa miguu mpaka juu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Alitutangulia sote, kanga kiunoni, anatusema bila kugeuka: "Vijana gani nyie, mnahema kama mabata!"

Songea nikapanda basi. Aliyekaa jirani yangu alivumilia mpaka Njombe, halafu akamwomba kondakta ambadilishie kiti. Sikumlaumu. Nilipata dirisha, nikaitazama nchi nzima ikipita: misonobari ya Njombe, mawe ya Iringa, zile kona za Kitonga ambazo mtu mzima akizipita anafumba macho, milima ya Morogoro. Kila tulipopita mahali penye miti na njia nyembamba inayoingia ndani, nilitamani kushuka niifuate nione inaishia wapi. Hiyo ndiyo tabia yangu mpaka leo na ndiyo iliyonipa kazi.

Kariakoo, mama mmoja alinishika mkono kabla sijaweka begi chini. "Dagaa unauzaje, mwanangu?"

"Sina dagaa, mama."

Akaninusa tena. "Sasa huu uongo wa nini?"

Najua mnaosoma hapa wengi wenu mna miaka ishirini na kitu, na mnataka kuongoza watu kwenye matembezi. Mmeona wenzenu wanafanya hivyo mjini na kwenye misitu, mkadhani kazi ni kujua majina ya miti na mwaka lilipojengwa jengo fulani. Mimi bado niko kwenye arobaini na kitu, na mtu wa umri huu hasemi amestaafu bila kuchekwa. Lakini kazi ya kutembeza watu Dar nimeiacha, sirudi tena, na naikumbuka kwa raha. Kwa hiyo nitawaambia nilichokiona, na nitaruka huku na huku kama nilivyokuwa natembea.

Mwanzo nilibeba mizigo sokoni. Mbeba mizigo wa Kariakoo anajifunza mambo mawili haraka: kupiga kelele "Mzigo! Mzigo!" ili watu wapishe, na kutafuta kivuli. Gunia la mchele kwenye jua si gunia lile lile kwenye kivuli. Nilijua kona ambazo kuta ndefu zinalaza ubaridi asubuhi, na nilijua maduka yenye baraza ambapo mwenye duka hafukuzi mtu. Sikujua kwamba huo ulikuwa ujuzi. Nilidhani ni uvivu.

Jumapili sikuwa na mzigo, nikawa nazurura. Nikipita Mnazi Mmoja, nashuka Posta, mpaka kwenye ile bustani ya zamani yenye miti iliyopandwa tangu enzi za Mjerumani. Mara ya kwanza kuingia pale nilisimama kama mjinga. Kwetu, kando ya ziwa, kuna uwanja wa misheni wa kale: nyumba za matofali, miti mikubwa imepangwa mistari, na njia inayotoka uwanjani, inapita msituni, inakwenda kuishia majini. Tuliipita kila siku kwenda shule. Bustani ile ya Posta ilikuwa na harufu hiyo hiyo ya majani yanayooza taratibu. Nikawa naenda kila Jumapili.

Huko ndiko nilikomkuta Bi Mwajuma. Alikuwa mzaliwa wa Ilala, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuuza nyanya. Alikuwa anatembeza wageni mjini: waliotoka mikoani, waliotoka nje, walimu na wanafunzi wao. Nikamfuata kwa mbali, nisikilize. Jumapili nyingine nikamfuata tena. Akawaacha wageni wake chini ya mti, akanijia.

"Wewe kijana, mbona unatufuata kama mbuzi aliyeona majani?"

"Shikamoo, bi mkubwa. Nasikiliza tu."

"Marahaba. Kusikiliza kuna kazi yake. Yule baba mwenye kofia amechoka, hasemi kwa sababu mkewe anamtazama. Katembee naye nyuma, mpigishe stori."

Nikaenda. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kanuni zake Bi Mwajuma hazikuandikwa popote. Ya kwanza ilikuwa choo. "Kwanza choo, halafu historia," alikuwa anasema. Mtu aliyebanwa hasikii habari ya Mjerumani wala ya Mwarabu. Kabla hajapita njia yoyote na wageni, aliipita peke yake akisalimia: mwenye hoteli ya chai, mlinzi wa ofisi, mama wa saluni. Wote hao walikuwa na vyoo. Njia yake ukiichora vizuri ilikuwa imefungwa kutoka choo hadi choo, na majengo ya kale yalikuwa katikati.

Ya pili, anayetembea taratibu kuliko wote ndiye anayetangulia. Nyie mtaona aibu kumweka mbele bibi mwenye magoti mabaya. Mkimweka nyuma, kila mkisimama kumsubiri, wenzake wanakuwa wamepumzika, na yeye akifika tu mnaondoka. Yeye hapumziki hata mara moja. Nililifanya kosa hilo wiki ya kwanza. Bi Mwajuma aliniita pembeni: "Wewe unatembeza watu au unaswaga ng'ombe?"

Ya tatu nilijifunza mwenyewe. Mtu akichoka hasemi amechoka, anaacha kuuliza. Ukimuuliza jambo na akakujibu kwa neno moja, mtafutie pa kukaa. Na usimwambie zimebaki mita ngapi, maana mita hazina mwisho. Mwambie, "Tunakwenda kwenye lile benchi la muuza magazeti." Mtu yeyote anaweza kufika kwenye benchi.

Kuhusu kivuli niliwazidi wote, hata Bi Mwajuma. Asubuhi shika upande wa mashariki wa mtaa, kuta zinakukinga, na alasiri uhamie magharibi. Hilo kila mbeba mizigo analijua. Nilitengeneza njia kutoka Msimbazi hadi Kivukoni ambayo mtu angeweza kuitembea bila jua kumgusa zaidi ya kwenye kuvuka barabara. Niliitengeneza mwezi wa sita na wa saba, nikajisifu sana. Mwezi wa kumi na mbili wakaja kina mama wa kwaya kutoka Upanga, na nguo zao nzito za sare, wanataka matembezi mepesi kabla ya mazoezi ya Krismasi. Nikawapitisha njia yangu mchana, kwa kujiamini. Jua lilikuwa limehama! Katikati ya mwaka kivuli cha mchana kinalala upande wa kusini wa nyumba, na Desemba kinalala kaskazini. Upande niliokuwa nausifia ulikuwa kikaango. Kina mama wale walitembea wanaimba kwa sauti ndogo, nami nikadhani wamefurahi. Kumbe mwalimu wao wa kwaya alikuwa amewaanzishia wimbo wa maombolezo.

"Kaka Kapinga," akaniambia tulipofika bustanini, jasho linamtiririka, "hii ndiyo njia ya kivuli?"

"Kivuli kimehama, mama."

"Kimehama kwenda wapi, tukifuate?"

Palikuwa na tausi kwenye bustani ile, wanazurura kama wenye eneo. Mmoja alimnyang'anya mama mmoja andazi mkononi siku hiyo, na kicheko kikaniokoa. Tangu hapo nilikuwa na njia mbili, ya katikati ya mwaka na ya mwisho wa mwaka.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Mushi, kwa sababu yote niliyoyasema nilidhani nayajua mpaka nilipomtembeza yeye.

Alikuwa na duka la jumla la vyombo Kariakoo: masufuria, sahani, chupa za chai zimepangwa mpaka darini. Kiharusi kilimshika dukani, akabaki na mguu wa kushoto mzito na mkono wa kushoto unaosikia kwa kuchelewa. Mama wa mazoezi wa hospitali alimaliza sehemu yake, akasema sasa anachohitaji ni kutembea kila siku, taratibu, mahali pasipo na jua. Mama Mushi, mkewe, akaulizia, akaelekezwa kwangu. Nilimkuta kasimama nyuma ya kaunta, ndiye anayeendesha duka, na mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mlango, anatazama barabara kama mtu aliyekosa basi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kunitembeza? Mtu wa wapi?"

"Nyasa, Mzee. Mbamba Bay."

"Mngoni."

"Mnyasa."

"Ni walewale." Akamgeukia mkewe. "Mama Aneth, nimetoka Uchagani kijana, nikaja mjini nikasimamisha hili duka, leo nafundishwa kutembea na Mngoni!"

"Angekuwa Mchaga ungemsikiliza?" mkewe akamjibu. "Kwanza vaa viatu."

Siku hiyo tulifika kwenye kona ya mtaa tu, tukarudi. Njiani aliniambia sababu, kwa maneno machache, maana bado ulimi ulikuwa unamsumbua. Kwao ni Kilimanjaro, kwenye kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la ukoo lenye migomba na makaburi ya wazee. Desemba ukoo wote unapanda huko. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, na baba hayupo. Mbuzi akichinjwa, yeye ndiye anayesimama na kisu na kumgawia kila mtu sehemu yake: shangazi ana yake, wajomba wana yao, wakwe wana yao, na ukikosea watu hawasemeshani mpaka Pasaka. Gari haliingii nyumbani. Linaishia barabarani, na kutoka hapo ni kwa miguu. Krismasi iliyopita hakwenda kwa sababu ya ugonjwa, na mdogo wake aliyeitwa Elibariki alisimama badala yake. Mwaka huu Elibariki alikuwa ameshapiga simu: asijali, ametafuta vijana wenye nguvu, watambeba kutoka barabarani hadi ndani.

"Sibebwi," akaniambia Mzee Mushi. "Mchaga anabebwa kwenda kwao mara moja, na hiyo siku hajui. Kama siwezi kutembea, siendi tena. Elibariki akae na kisu chake."

Nikamwambia tutaweza. Nilikuwa na njia nyepesi kuliko zote Dar.

Na kweli ilikuwa nyepesi. Tulianza na benchi la fundi saa. Halafu baraza la muuza vitenge. Wiki zikapita tukafika Mnazi Mmoja, tukakaa tukatazama watu wanaocheza bao, naye akawa anawaambia wanavyokosea mpaka wakatufukuza. Kuvuka barabara ya mabasi ya mwendokasi kulitupa taabu kidogo, kwa sababu taa zinawahurumia wenye miguu miwili mizima tu. Niligundua kwamba ukitembea na mtu wa kiharusi unakaa upande wake dhaifu, na humshiki. Unamwachia kiwiko chako karibu, akitaka anakichukua. Ukimshika wewe, anaacha kujishika.

Kufikia mwezi wa tisa tulikuwa tunatoka dukani hadi bustanini, tunazunguka chini ya miti, tunapita kando ya majengo ya serikali ya zamani yenye varanda pana, tunafika Kivukoni kupigwa na upepo, na kurudi. Ulimi ulifunguka njiani. Alizijua sura za wenye maduka wote, na kila mmoja alimtania kwa jina la Mangi, wanavyoitwa Wachaga wenye maduka. "Mangi, unatembea kama unakagua mtaa!" Naye: "Nakagua. Wewe duka lako chafu."

Nilijiona fundi. Mwezi wa kumi, Jumamosi moja, Mama Mushi alifunga duka mapema, akaja nasi aone. Tulitembea njia yote. Tukakaa kwenye benchi bustanini, akatoa chupa ya chai, akatumiminia. Akainywa yake, anaitazama njia tuliyopita, imenyooka kama meza.

"Kapinga, mwanangu. Umewahi kufika Uchagani?"

"Bado, mama."

"Nimeona. Ungekuwa umefika, usingekuwa unamtembeza mume wangu sakafuni."

Sikumwelewa. Nikamtazama Mzee. Mzee alikuwa ameshika kikombe hewani, kinywa wazi, na taratibu uso wake ukaanza kubadilika.

"Mama Aneth," akasema. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani mnajua! Wewe ndiye wa kwenu!"

Kutoka barabarani hadi kihambani kwao, njia inashuka mpaka kwenye kijito, inavuka, halafu inapanda upande wa pili kama ukuta, na Desemba udongo wake ni sabuni. Miezi yote ile nilikuwa namfundisha mtu wa mlimani kutembea tambarare. Na yeye, aliyezaliwa kwenye mteremko, alikuwa amekaa Dar muda mrefu kiasi kwamba mteremko ulikuwa umemtoka kichwani. Alikumbuka migomba, akakumbuka moshi wa jikoni na jina la kila shangazi. Njia yenyewe katika kumbukumbu yake ilikuwa imelala tambarare.

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu hakucheka tena.

"Zimebaki wiki ngapi?"

Nyie mnaoijua Dar, nitajieni kilima kimoja kati ya Kariakoo na bahari. Hakuna! Tulianza na ngazi za nyumbani kwake, lakini ngazi inakupa pa kuweka mguu, na mteremko haukupi. Nikakumbuka hospitali moja yenye njia ya mteremko ya kusukumia vitanda. Tulipanda na kushuka pale asubuhi moja hadi mlinzi akatuona.

"Mnafanya nini?"

"Mazoezi. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa? Kitanda chake kiko wapi?"

"Ndiyo maana anatembea," Mzee akamwambia, "hana kitanda." Mlinzi akatutoa nje kwa heshima.

Mteremko tulioupata ulikuwa Kivukoni, pembeni ya kivuko: sakafu ya saruji inayoinama kuingia majini, wanapopandishia mikokoteni ya samaki. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi na wageni bila kuufikiria. Ubora wake ni kwamba bahari ndiyo inayoupima. Maji yakijaa, ni mfupi, unafaa kuanzia. Maji yakipwa, unarefuka, na sehemu ya chini ina ukijani unaoteleza kama tope la kwao. Nikawa nawauliza wanadi samaki habari za maji kila jioni, nijue kesho tutapata mteremko wa kiasi gani.

Pale nilijifunza upya kazi yangu. Mama wa mazoezi alitupa kanuni moja: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mbovu utangulie. Iliyobaki tuliipata wenyewe. Mwongozaji anakaa upande wa chini siku zote, awe anapanda au anashuka. Hatua ziwe fupi kama za mtu aliyebeba maji. Na asishuke wima, akate pembeni, aende kulia kidogo, kushoto kidogo. Nyie wenye magoti mapya mnadhani kupanda ndiyo kazi. Kupanda kunachosha, lakini kushuka ndiko kunakoangusha.

Watu wa Feri, soko la samaki la hapo, hawana dogo. Siku ya kwanza walituzunguka na matenga yao.

"Mangi! Pantoni imeshaondoka, unamkimbiza nani?"

"Anakwenda Kigamboni kwa miguu huyo!"

"Mzee, samaki wanauzwa huku juu, huko chini ni wao wenyewe!"

Mzee alisimama katikati ya mteremko, akapumua, akawajibu: "Nyie mnashuka hapa kila siku na bado ni wembamba. Mimi nashuka mara moja nirudi kula." Wakampenda hapo hapo. Siku za mbele wakawa wanamwagia mchanga sehemu yenye ukijani kabla hajafika, nikawaomba wasimwage, wakaniona mimi mkatili.

Mwezi wa kumi na moja alianguka. Maji yalikuwa yamepwa sana, mguu wa kushoto ukaenda peke yake, akakaa kwenye saruji na kuchubuka mkono. Nilikuwa upande wa chini, tukashuka wote mpaka maji yakatufika viatuni. Nilimrudisha dukani na bajaji. Mama Mushi alimsafisha jeraha, halafu akaniambia nisije kesho. Simu ya Elibariki iliingia jioni hiyo nikiwa bado mlangoni. Mzee aliisikiliza. "Sawa," akasema. "Sawa, mdogo wangu. Nimesikia." Akaikata. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, anatazama barabara kama siku ile ya kwanza.

Nilikwenda kwa Bi Mwajuma. Nilitaka anihurumie. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Amevunjika?"

"Hapana."

"Amesema haendi?"

"Hajasema."

"Basi nani amesema? Wewe?" Akapepeta. "Mtu akianguka kwenye njia yako, kesho yake unapita palepale. Usipopita, umeifunga njia."

Asubuhi nikaenda dukani ingawa nilikatazwa. Nilimkuta Mzee kasimama nje, kiatu cha kushoto kimefungwa vibaya, na Mama Mushi kapiga magoti anakifunga upya.

"Huyu amekuwa macho tangu alfajiri," akaniambia. "Mchukue. Na nyie wawili mkirudi na jeraha jingine, mkalale Feri."

Tukarudi pale pale. Alishuka mpaka pale alipoangukia, akapasimamia kidogo, akageuka, akapanda.

Kabla ya kuwafikisha siku ya mwisho, niseme kwa nini niliondoka. Hakuna aliyenifukuza. Wateja walikuwepo, Bi Mwajuma alikuwa anataka kuniachia kundi lake lote. Lakini nilikuwa nimeitembea ile njia mpaka nikaanza kuifahamu bila kuitazama, na mtu wa namna yangu akifika hapo miguu inamwasha. Mgeni mmoja alikuwa ameniambia kuna ziwa dogo upande wa Arusha, limezungukwa na msitu, na njia nyepesi inalizunguka, na pembeni kuna mashamba ya kahawa ya zamani. Ziwa, msitu, njia. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nikaona nitamsindikiza Mzee Krismasi, halafu niendelee nikaone. Nilienda, nikakaa, na ninakootesha miche ya miti sasa ni karibu na hapo. Chumba changu cha Ilala nilikirudisha kwa mwenyewe. Bi Mwajuma nilimuaga akanipa chapati, akaniambia huko kwenye baridi nitakojoa sana, kwa hiyo nianze na vyoo.

Tuliondoka stendi ya Mbezi alfajiri: Mzee, Mama Mushi, mimi, na maboksi ya masufuria ya zawadi. Chalinze, Korogwe, Same. Mzee hakulala. Milima ya Upare ilipotokea dirishani akaanza kuivuta miguu yake, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu viatu. Moshi tulipokelewa na gari la ndugu, likapanda, likapanda, hewa ikawa baridi, migomba ikatuziba pande zote. Kulikuwa kumenyesha.

Gari lilipoishia, Elibariki alikuwa anatusubiri na vijana wanne. Walikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, wamekifunga miti miwili pembeni, na juu yake wameweka mto wenye maua. Walikuwa wamekiandaa kwa upendo, nisiseme uongo.

"Kaka, karibu nyumbani," Elibariki akasema, akamkumbatia. "Kaa hapa. Usijichoshe."

Mzee alikitazama kile kiti. Akashika mto, akauminya kidogo. "Umependeza," akasema. Halafu akampita, akaweka mguu wa kushoto kwenye njia.

Nikakimbilia nikae upande wa chini, na hapo hapo nikajua siijui hii njia. Mizizi ilikuwa imejificha kwenye tope, na kona za njia zilikuwa ngeni kwangu. Mzee akanitazama. "Kapinga, hapa kwetu. Kaa nyuma."

Nikakaa nyuma. Alishuka akikata kulia, akikata kushoto, mkono wa kushoto unapapasa migomba, midomo inahesabu kitu. Alipofika kijitoni alisimama kwenye jiwe, mguu wake wa kushoto unatafuta pa kukanyaga, na Mama Mushi akanishika shati nisimsogelee. Akavuka. Akaanza kupanda, mguu wa kulia kwanza. Vijana walitufuata na kiti kitupu, wanaanguka-anguka nacho, na Elibariki nyuma yao na viatu vyake vya mjini.

Katikati ya mlima mimi ndiye niliyeteleza. Viatu vyangu vya Dar viliondoka vyote kwa pamoja, nikalala kifudifudi kwenye tope mpaka kidevuni. Nilipojaribu kuinuka nikarudi chini tena. Vijana wakanifikia, wakaweka kiti kando yangu.

"Mjomba," mmoja akaita juu, "huyu mgeni tumbebe?"

Mzee Mushi hakugeuka mara moja. Alimaliza hatua yake, akapata pa kusimama, ndipo akatazama chini.

"Mwacheni," akasema. "Atafika. Asikimbizwe."

Wakaniacha. Nilipofika juu, mikono na magoti yote ni tope, uwanja ulikuwa umejaa watu. Mzee alikuwa amesimama katikati, watoto wanamwamkia mmoja baada ya mwingine, na shangazi mzee sana alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto anauliza nani kamleta. Hakujibiwa, kulikuwa na kelele nyingi. Binti mmoja akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akaniwekea mimi.